Nilimwambia Mwalimu Achukue Nyama

Simu iliita saa nne na dakika kumi asubuhi. Nilikuwa nimeinama juu ya satini ya sare za harusi, mkasi umeshaingia kitambaani, na bibi harusi mwenyewe amekaa kwenye benchi la kibanda changu akisubiri kupimwa mara ya pili. Namba niliifahamu kabla sijaisoma vizuri. "Mama Babu, njoo umchukue mwanao," mwalimu wa darasa alisema, na nyuma yake nikasikia kelele za watoto kama mnada wa samaki. "Leo amemchoma mwenzake na penseli." Nikamwomba radhi mteja, nikafunga kibanda, nikapanda bodaboda. Ilikuwa Machi 2024, na tangu shule zifunguliwe Januari hiyo ilikuwa mara ya sita kuitwa.

Nyumbani tunamwita Babu kwa sababu amebeba jina la marehemu baba yangu. Mtaa wetu hapa Mbagala, Dar es Salaam, umelizoea jina hilo, na walimu nao wakalishika. Wakati huo alikuwa na miaka tisa, yupo darasa la tatu, katika kundi la kwanza la darasa hilo kusoma kwa mtaala mpya. Shule ni ya serikali. Sitaitaja, maana kuna mambo nitakayoyasema yanayouma, na baadhi ya watu walioyafanya ndio hao hao waliokuja kunishika mkono baadaye.

Niseme kwanza Babu ni mtoto wa namna gani, kwa sababu maofisini nimemsikia akielezwa kwa neno moja tu, mtukutu, na neno hilo halimtoshi. Babu anakula akiwa amesimama. Akikaa, mguu mmoja uko juu ya kiti na mwingine unapiga sakafu. Ukimtuma sukari na kibiriti anarudi na kibiriti, au anarudi baada ya saa nzima akiwa anajua majina ya mafundi wote waliokuwa wanaziba bomba lililopasuka njiani. Mwaka mmoja alipoteza ndala jozi tano na masweta mawili. Hasira zake ni za moto wa karatasi, zinawaka ghafla mpaka juu, ukigeuka zimeshakuwa majivu, naye anakuja kuniegemea begani: "Mama, umeninunia?" Kuku wa jirani wanamfuata kila aendako kwa sababu yeye ndiye anayekumbuka kuwamwagia pumba. Na anasoma. Tukipanda daladala anasoma mabango kwa sauti kuanzia Rangi Tatu mpaka Kariakoo, abiria wanacheka. Kusoma anaweza. Kinachomshinda ni kukaa na kusubiri.

Siku nilipomwandikisha darasa la kwanza, mwaka 2022, niliagana na mwalimu kwa maneno niliyoyakuta kwetu. "Mwalimu, nakukabidhi. Nyama yako, mifupa nirudishie." Akacheka, nami nikacheka. Ni maneno ya zamani ya wazazi wa pwani, walikuwa wakimwambia mwalimu wa madrasa siku ya kumpeleka mtoto kuanza alifu, na mama yangu alimwambia hivyo hivyo mwalimu wangu wa darasa la kwanza. Maana yake: mchape utakavyo, ilimradi arudi hai. Sikuyapima. Nilidhani ni adabu, ni namna ya kumwonyesha mwalimu kwamba sitamwingilia kazi yake.

Na walimchapa. Darasa la kwanza kwa kutoka nje bila ruhusa, darasa la pili kwa kelele, na alipofika la tatu ikawa karibu kila siku, wakati mwingine mara mbili kwa siku, kwa mwalimu wa darasa na kwa mwalimu wa zamu. Jioni namwogesha naona mistari mapajani, namuuliza, ananijibu bila kulia, kama mtu anayehesabu madaftari yake: "Huu wa hesabu. Huu wa mstarini." Nami nilimwongezea wa nyumbani, si mara moja wala mbili, nikiamini shule na nyumbani tukishika fimbo kwa pamoja ataelewa. Katika yote ninayoandika hapa, hilo ndilo linaloniamsha usiku. Miaka miwili na ushee ya fimbo haikumfundisha kukaa. Ilimfundisha kujificha nyuma ya vyoo kengele ya kumaliza mapumziko ikilia.

Jirani yangu mmoja ni karani wa mahakama. Ndiye aliyenifungua macho, tena kwa bahati, tukiwa tunasubiri maji bombani. Mimi nilikuwa najua mwalimu yeyote anaweza kumchapa mtoto yeyote kwa kosa lolote. Kanuni za viboko shuleni, zile za mwaka 1979 na zilizokuja 2002, hazisemi hivyo. Zinasema viboko ni kwa kosa kubwa la nidhamu, visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu ambaye mkuu amempa idhini kwa maandishi, na uangaliwe umri wa mtoto na afya yake. Na kila vinapotolewa viandikwe kwenye kitabu: jina la mtoto, kosa lake, idadi ya viboko, nani kachapa, kisha mwalimu mkuu atie saini. Mimi ningependa viboko viondoke kabisa, kama wenzetu wa Kenya walivyovipiga marufuku shuleni mwaka 2001, na nalisema hilo huku nikijua ndugu zangu wengi watanibishia. Lakini hata hizo kanuni tulizonazo zingefuatwa, Babu asingechapwa hata robo ya alivyochapwa.

Agosti 2018 mwanafunzi wa darasa la tano kule Bukoba alifariki baada ya kuchapwa shuleni kwa tuhuma za kuiba mkoba wa mwalimu, na Machi mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikamhukumu mmoja wa walimu walioshtakiwa adhabu ya kifo. Habari ile niliisikia redioni nikiwa nimempakata Babu wa miaka mitatu. Nilimlilia mtoto wa mwenzangu kwa machozi kabisa. Miaka minne baadaye nikasimama mbele ya mwalimu nikasema nyama yako, mifupa nirudishie, na sikukumbuka.

Turudi siku ile ya penseli. Nilipofika, mtoto aliyechomwa alikuwa ameshafungwa kitambaa kiganjani, na Babu amepiga magoti nje ya ofisi, macho yake yanafuata sisimizi ukutani. Mwalimu mkuu wetu ni mama mtu mzima, alikuwa amebakiza miaka michache astaafu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mama. Kaa."

Sikukaa. Nilijua nikikaa nitaogopa. "Mwalimu, naomba radhi kwa alichofanya mwanangu, na nitakwenda kwa wazazi wa yule mtoto leo hii. Lakini naomba nione kitabu cha viboko."

"Kitabu kipi?"

Nikaeleza, sauti inatetemeka. Nilitegemea atanifukuza. Alivua miwani akaiweka juu ya meza, akanitazama kwa muda. "Mama Babu, unajua darasa lile lina watoto wangapi?" Nikasema sijui. "Mia moja na kumi na wawili. Mwalimu ni mmoja. Dawati la watoto watatu wanakaa watano." Akanyamaza. "Kitabu hicho hapa hakipo, sitakudanganya. Sasa na mimi nikuulize. Nisimchape, nimfanye nini? Niambie wewe mama yake."

Sikuwa na jibu. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016 watoto wengi ambao wangebaki nyumbani wamepata nafasi, na mimi ni mmoja wa wazazi waliopona kwa mpango huo. Lakini mtu akikuuliza swali la namna ile, kwa upole, akiwa na watoto 112 ng'ambo ya ukuta ulio nyuma yake, unaelewa kwamba hukuja kupambana na mtu mbaya. Niliondoka na lile swali, nikalala nalo.

Nyumbani kila mtu alikuwa na jibu lake. Mama mkwe alisema mtoto ana wakubwa, yaani majini, asomewe. Tukamwita shehe, kisomo kikasomwa siku tatu, na sijutii, dua haijawahi kumdhuru mtoto wangu. Usiku ule wa tatu alilala vizuri kuliko kawaida. Wifi yangu aliposikia nataka kumpeleka hospitali kwa daktari wa akili alishika kichwa: "Unataka watu waseme mtoto wa kaka yangu ni wa Mirembe?" Mirembe ni hospitali kule Dodoma, imeponya watu wengi, lakini jina lake tumelifanya tusi, na tusi hilo ndilo linalowafanya wazazi wengi wakae na watoto wao ndani mpaka mambo yaharibike. Baba yake Babu anaendesha lori la Tunduma, ana siku nne nyumbani na kumi barabarani. Yeye alisema, "Hata mimi nilikuwa hivyo." Nilimkasirikia kwa kauli ile. Baadaye daktari aliniambia ni habari muhimu, kwa sababu hali hii hutembea katika damu za familia.

Mwalimu wa nidhamu naye alikuwa na lake: "Huyu apelekwe kitengo." Shuleni kwetu kuna kitengo cha elimu maalumu, vyumba viwili mwisho wa uwanja, kwa watoto wenye ulemavu wa akili na wenye usonji. Moyo ulinidunda kwa aibu. Niseme ukweli, miaka yote nilikuwa napita pale nikiwaona watoto wale kama watoto wa watu wengine. Lakini nilikwenda, kwa sababu sikuwa na mlango mwingine wa kugonga.

Mwalimu wa kitengo ni binti mdogo kwangu kwa umri, amesomea Patandi, kile chuo cha Arusha kinachofundisha walimu wa elimu maalumu. Alimpa Babu kitabu cha hadithi. Babu akakisoma chote akiwa anazunguka meza. Mwalimu akamwacha azunguke. Kisha akaniambia, "Mama, hapa kwangu atachoka kwa siku mbili. Si mtoto wa kukaa kitengo. Ila wa kusaidiwa ni wa kusaidiwa." Akaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu akae nyuma ya darasa la tatu kwa vipindi viwili, aangalie tu. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo. Tulikuwa tumemchapa, tumemsomea, tumemwombea, tumemtuma nyumbani. Hakuna aliyekuwa amekaa akamtazama.

Alinieleza alichokiona tukiwa tumesimama chini ya mwembe wa shule. Mwalimu wa hesabu anaandika maswali kumi ubaoni. Babu ni mwepesi wa hesabu, anamaliza mapema. Ukimaliza unapanga foleni mezani kwa mwalimu usahihishiwe, na foleni inakua mpaka mlangoni, watoto arobaini, hamsini, kila mmoja na daftari lake kifuani. Babu anasimama dakika moja. Anaanza kuchezea kola ya aliye mbele. Anaambiwa aache. Anaruka foleni, anarudishwa mwisho. Anasukuma. Anasukumwa. Penseli iko mkononi. "Kwa wewe na mimi foleni ile ni kero," mwalimu akasema. "Kwa Babu ni kama kumwambia azibe pumzi mpaka zamu yake ifike."

Akanipa kazi. Ninunue kauntabuku moja, na yeye atamwomba mwalimu wa darasa aandike mambo manne tu kila kunapotokea jambo: ilikuwa saa ngapi, nini kilitangulia, Babu alifanya nini, na baada ya hapo nini kilifuata. Nami niandike hayo hayo nyumbani. Mwalimu wa darasa alinung'unika, na alikuwa na haki ya kunung'unika, kuandika ni kazi juu ya kazi. Lakini aliandika. Wiki mbili zilipoisha tulikuwa na matukio kumi na manne ya shuleni, na tisa kati ya hayo yametokea kwenye foleni ya kusahihishiwa au dakika chache baada ya Babu kumaliza kazi na kukosa la kufanya. Matatu yalikuwa kabla ya saa nne, siku ambazo aliondoka nyumbani bila kunywa chai kwa sababu mimi nilichelewa kuamka. Hayo matatu yalikuwa yangu.

Ile kauntabuku ndiyo iliyobadili mazungumzo. Kabla yake kila nilipoitwa tulikuwa tunabishana kuhusu moyo wa mtoto, ni mkaidi, ana kiburi, hamsikilizi mtu, na mzazi hawezi kushinda ubishi huo kwa sababu moyo hauonekani. Sasa tulikuwa tunazungumza kuhusu saa nne kasoro robo na foleni. Foleni unaweza kuihamisha.

Hospitali nilikwenda pia, kwa sababu mwalimu wa kitengo alisisitiza nisitegemee macho yake peke yake. Kwanza masikio na macho, maana mtoto asiyesikia vizuri au asiyeona ubao naye huonekana mtundu, vyote vizima. Waliuliza kuhusu usingizi, kuhusu kuanguka, kuhusu kukodoa macho ghafla kama aliyezimika, wakitafuta kifafa. Hakuna. Yote nililipa taslimu. Toto Afya Kadi ya shilingi 50,400 kwa mwaka nilikuwa nimepanga kumkatia, lakini mwaka 2023 kusajili mtoto mmoja mmoja kulikuwa kumeshasimamishwa. Niliuza cherehani yangu ya pili, ile ya darizi.

Daktari wa afya ya akili ya watoto aliniuliza maswali kwa saa nzima na hakumpa Babu jina lolote siku hiyo. Alitaka karatasi kutoka kwa mwalimu. Nilishangaa, nikamuuliza mwalimu anaingiaje kwenye mambo ya daktari. Akanieleza kwamba hali anayoifikiria, ya mtoto kushindwa kutulia, kusubiri na kumakinika, wao wanaiita ADHD, haiwezi kuthibitishwa kwa kuonekana mahali pamoja. Dalili ziwepo walau sehemu mbili, mfano nyumbani na shuleni, zimedumu miezi sita au zaidi, na zimeanza kabla ya miaka kumi na miwili. Mtoto anayesumbua shuleni tu huenda shule ndiyo yenye tatizo, na anayesumbua nyumbani tu huenda ni nyumbani. Nikampa kauntabuku. Aliifungua ukurasa kwa ukurasa, akatikisa kichwa, akasema, "Wazazi wangu wote wangekuja na hii."

Niliporudi mara ya tatu akanithibitishia ni ADHD. Alinieleza kwa lugha ninayoielewa: sehemu ya ubongo inayoshika breki, inayomfanya mtu asubiri, apange, azuie mkono kabla haujafika, kwa Babu inakomaa taratibu kuliko kwa wenzake. Hana ubongo mbovu na hakulelewa vibaya. Dawa zipo, alisema, na kuna watoto zinaowasaidia sana, lakini tukakubaliana tuanze na mazingira kisha turudi tuangalie. Mpaka naandika hapa hatujaanza dawa, na tukishauriwa kuanza tutaanza. Kwenye daladala ya kurudi nilimtazama Babu akisoma mabango, nikayakumbuka mapaja yake, nikajifunika uso kwa mtandio mpaka tukashuka.

Ofisi ya elimu ya halmashauri sitaisimulia sana. Nilikwenda mara tatu kumtafuta afisa elimu maalumu, mara mbili yuko kwenye semina, mara ya tatu nikamkuta, akanisikiliza dakika kumi, akaandika maneno mawili juu ya barua ya daktari na kugonga mhuri. Kumbe mhuri ule ulikuwa na uzito kuliko nilivyodhani. Mwalimu anayeogopa kuulizwa "nani amekuruhusu kumtendea huyu tofauti" akiuona anapumua.

Barua yangu kwa mwalimu mkuu ndiyo ningependa mzazi mwingine aione, kwa sababu ya kwanza niliyoandika niliichana. Ya kwanza ilikuwa ya hasira, kurasa tatu, imejaa sheria. Mwalimu wa kitengo aliisoma akasema yote ni kweli, ila mtu akiipokea atatafuta pa kujificha. Ya pili ilikuwa nusu ukurasa. "YAH: OMBI LA KIKAO KUHUSU MAENDELEO YA MWANAFUNZI WA DARASA LA TATU." Nikashukuru kwa jinsi shule inavyomvumilia mwanangu, nikaeleza kwa sentensi mbili alichosema daktari, nikaambatanisha nakala, kisha nikaomba mambo matatu kwa majina yake: abadilishiwe mahali pa kukaa, asisimame kwenye foleni ya kusahihishiwa, na asichapwe kwa mambo yanayotokana na hali yake. Nikamaliza kwa kutaja siku mbili ambazo mimi na baba yake tunaweza kuja. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, ile inayompa mtoto haki ya kusoma na wenzake kwenye shule ya kawaida, niliiweka kwenye mkoba. Sikulazimika kuitoa.

Nilimsubiri baba Babu ashuke kutoka Tunduma ndipo kikao kifanyike. Inanichoma kulisema, lakini ni kweli: nilipokuwa nakwenda peke yangu nilikuwa naitwa mama mwenye malalamiko, na siku niliyokwenda na mume wangu, amevaa shati la kola, hajasema zaidi ya maneno ishirini, viti viliongezwa. Mzazi unayelea peke yako, nenda na kaka yako, nenda na mjumbe wa kamati ya shule, nenda na mama mwenzio mwenye sauti. Usiende mkono mtupu.

Kwenye kikao kile hakuna aliyetuahidi makubwa. Babu akahamishwa kutoka dawati la dirishani nyuma kwenda mbele, karibu na meza, pembeni ili akisimama asimzibe mtu. Foleni ikaondolewa kwake: akimaliza maswali matano ya kwanza ananyoosha daftari, mwalimu anayapitia palepale, kisha anamalizia matano. Akimaliza kazi yote ana kazi ya pili inayomngoja, kugawa madaftari, kufuta ubao, kupeleka chaki darasa la jirani. Mwalimu wa darasa akabuni ishara yake mwenyewe, kugonga dawati la Babu mara mbili kwa kidole bila kumtaja jina, maana alikuwa amegundua kumwita jina mbele ya watoto 112 ndiko kunakomtia wazimu. Mapumziko yasikatwe kama adhabu, kwa sababu asipokimbia saa nne, saa tano ni vita. Nyumbani nikawajibika na chai, na usingizi kabla ya saa tatu usiku, televisheni imezimwa.

Baadhi ya mambo yaligoma. Kuna mwalimu mmoja wa somo aliyekataa katakata, akasema mtoto akipendelewa wenzake wataharibika, na kwenye kipindi chake Babu aliendelea kusimamishwa nje mpaka mwaka ukaisha. Kadi ya nyota tuliyoianzisha, ya kumpa nyota kila akifanya vizuri, ilidumu wiki moja. Mtoto mwingine akaipata akaipaka wino. Na watoto wenyewe walikuwa wamemzoea kama mtu wa kusingiziwa, kalamu ikipotea ni Babu, na sifa ya namna hiyo haiondoki kwa kikao.

Jioni ya siku ya penseli nilikwenda kwa mama wa yule mtoto, kama nilivyoahidi. Nilibeba kilo ya sukari na moyo mzito. Alinifungulia mlango akiwa amevimba. "Kwa hiyo mwanangu awe wa kuchomwachomwa kwa sababu wa kwako ni mgonjwa?" Hapo hata sijafika kwa daktari, mtaa ulikuwa umeshasema ni mgonjwa. Sikumjibu. Kidonda kile nilikiona, kidogo, cheusi kwa risasi ya penseli, kwenye kiganja cha mtoto wa miaka tisa anayetakiwa kuandika. Ana haki yake naye. Hilo sikuwahi kulisahau nilipokuwa nadai haki ya wangu, na ndiyo maana kwenye kikao niliomba foleni iondoke kabla sijaomba fimbo iondoke: mtoto wa mwenzangu alikuwa anasimama kwenye foleni ile. Mwaka huo wote mama yule alinipita njiani bila salamu. Idd iliyopita alileta kitambaa nimshonee dera. Hakusema kitu kuhusu watoto, nami sikusema. Nilimshonea vizuri kuliko ninavyojua kushona.

Babu sasa yuko darasa la tano. Tangu kile kikao nimeitwa shuleni mara nne kwa ugomvi, na zilizobaki zote nilizokwenda ni kwa miadi. Anaruka bado. Anapoteza ndala bado. Mwezi uliopita alirusha bikari, bahati haikumpata mtu, na mwalimu aliponipigia nikajikuta nauliza kitu cha kwanza, "Saa ngapi, mwalimu?" Akajibu, "Saa sita, tulikuwa tunasubiri mwalimu wa Kiingereza. Nimeshampa kazi ya kuandika majina ya wasumbufu." Ndani ya jibu hilo fimbo haikuwemo, na hakuna aliyelitambua hilo ila mimi.

Wiki iliyopita mwalimu wa kitengo alinipigia. Amepata uhamisho, anakwenda mkoani kwao, anaripoti baada ya likizo. Nilimpongeza, kisha nikakaa chini kwenye vipande vya vitambaa. Aliyoyafanya kwa Babu hayapo kwenye faili lolote la shule, yako kichwani mwake na kwenye kauntabuku zangu tatu. Nilimwomba aje kibandani kabla hajaondoka. Alikuja jana, tukakaa mpaka magharibi, yeye anasema mimi naandika: nini kinamwasha, nini kinamtuliza, ishara ya kidole mara mbili, asiwekwe dirishani, asisimame foleni, asome kwa sauti akiwa amechoka. Ukurasa mmoja, na chini yake ametia saini na kuweka cheo chake. Nakala tano nitatoa asubuhi pale stendi, za mwalimu wa darasa, mwalimu mkuu, mwalimu wa zamu, atakayekuja kitengo, na moja ibaki kwangu. Shule zinafunguliwa Jumatatu. Saa moja na nusu, kabla ya kengele ya mstarini, nitakuwa mlangoni kwa mwalimu mkuu.